Kubadili gasketi ya tapeti kava mwenyewe nyumbani: mwongozo kamili kwa wenye Corolla za zamani

Harufu niliisikia mara ya kwanza nikipanda Lushoto kutokea Mombo, nikajua ni lile lori la mbao lililokuwa mbele yangu, lori likakaa pembeni mi nikapita na harufu nikapita nayo. Oili ya kuungua ukishaijua huisahau, ni kama mtu kasahau kikaango jikoni. Nikasimama Soni nikafungua boneti, upande wa mbele kule kwenye ekzosi manifodi, yale mabomba ya chuma yanayotoa moshi wa injini, moshi mwembamba unapanda, na juu yake injini imelowa oili iliyoshika vumbi mpaka imekuwa kama lami.

Gari yenyewe ni Corolla 110, injini 5A-FE, kwa umri wake ingekuwa mtu ingeshaoa na kuzaa. Niliporudi Tanga fundi wa kwanza aliangalia chini tu, akaona oili inadondoka pale injini inapoungana na giaboksi, akasema oili sili ya nyuma, ile raba inayozuia oili nyuma ya injini, imekwisha, giaboksi ishushwe. Hela ya kushusha giaboksi sina, nikaenda kwa mwingine. Wa pili akafungua tapeti kava akapaka silikoni kila mahali juu ya gasketi ile ile kuukuu, ikashika wiki mbili. Mara ya tatu nikafanya mwenyewe na nikaharibu mwenyewe, nilikaza mpaka gasketi ikatoka nje kama ulimi wa mbuzi. Ya nne ndo imeshika mpaka leo, lile boksi ninalolaza chini ya gari usiku asubuhi nalikuta kavu. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni hiyo ya nne, hizo nyingine nitazitaja pale zinapohusika.

Kazi hii haihitaji uwe fundi. Inahitaji asubuhi moja, spana chache na subira, na kusema kweli subira ndo ngumu kuipata kuliko spana.

Inavuja kwa sababu gani

Tapeti kava ni kile kifuniko cha juu kabisa cha injini, pale penye mfuniko wa kujazia oili. Chini yake kuna kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na valvu zenyewe, na injini ikiwaka oili inarukaruka humo ndani muda wote halafu inashuka yenyewe kurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kupitia matundu ya kwenye hedi, kile chuma cha juu kinachokalia bloku. Kati ya kifuniko na hedi ndo kuna gasketi, ni mkanda wa raba unaozunguka pande zote. Sasa elewa kitu kimoja hapa maana ndo msingi wa kazi nzima: oili ya mle juu haina presha ya pampu, ni ya kurukaruka na kutiririka tu, gasketi haipigani na kitu kikubwa. Inatakiwa iwe laini, iwe safi, ikae mahali pake. Basi.

Inachokufa nacho ni joto. Miaka inakwenda, raba inakauka inakuwa kama ukoko, haijazi tena ule uwazi mdogo kati ya kava na hedi. Yangu ya zamani nilipoitoa niliikunja kidogo tu kwa vidole ikakatika vipande, ina sauti kabisa, ka! kama biskuti. Raba nzima unaweza kuifunga fundo.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaigusi, nayo ni valvu ya kupumulia injini, mafundi wanaiita PCV. Mlipuko wa kwenye silinda kuna gesi kidogo inapenya kwenye ringi za pistoni inashuka chini kwenye oili, hiyo gesi lazima ipate pa kutokea, na inatokea kwa kunyonywa kupitia hiyo valvu kurudi kwenye intek, njia ya hewa inayoingia injini, ichomwe tena. Valvu ikiziba kwa masizi gesi inajaa ndani, inatafuta mlango, na mlango dhaifu kuliko yote ni gasketi ya tapeti kava. Hapo utaweka gasketi mpya ya Japani kabisa na itavuja. Kwenye 5A imechomekwa kwenye kava yenyewe kwa raba, unaichomoa kwa mkono, itikise karibu na sikio: ikilia cheke cheke ni nzima, ikikaa kimya ioshe kwa dawa ya kabureta au nunua nyingine, hela yake ndogo.

Hakikisha kwanza ni yenyewe

Oili inashuka, haipandi. Hicho ndo alichokosea yule wa kunishushia giaboksi, aliangalia tone linapodondokea hakuangalia linapoanzia. Oili ikitoka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava inatambaa kwenye hedi, inashuka kwenye bloku, inakwenda kudondoka pale pale kwenye mwungano wa giaboksi, na kwa mtu aliyelala chini ya gari inafanana kila kitu na oili sili ya nyuma.

Fanya hivi. Injini ikiwa ya baridi isafishe kwa brashi na mafuta ya taa au dawa ya kusafishia injini, futa mpaka uone chuma. Usipige maji ya presha, funika distributa, ile inayogawa umeme wa cheche kwenye plagi, na soketi za waya kwa mifuko ya plastiki. Iache ikauke kabisa. Halafu chukua poda ya mtoto, hii ya kawaida ya dukani, ipulize kuzunguka ukingo wa tapeti kava na chini yake mpaka pawe peupe, mbali na mikanda. Zungushia gari mjini, mimi nilitoka Sahare mpaka Pongwe na kurudi, halafu fungua boneti na tochi. Pale oili inapoanzia poda inalowa inakuwa na mstari wa kahawia, na mstari hausemi uongo.

Angalia na hivi: mfuniko wa oili raba yake isije ikawa ndo imekufa ukahangaika bure, na distributa, ambayo kwenye hizi 5A na 4A imekaa mwisho wa hedi upande wa giaboksi na ina oringi yake, pete ya raba. Oringi ikichoka nayo inamwaga oili kule kule. Kama mstari wa poda unaanzia chini ya distributa na juu pakavu, ni oringi, bolti zinafunguliwa distributa inatoka, lakini kabla hujaitoa chora alama kwa msumari kwenye distributa na kwenye hedi zikutane vile vile ukirudisha, la sivyo taimingi ya moto, yaani wakati cheche inapopiga, inahama na gari itakwambia yenyewe.

Dalili nyingine ni ya kwenye plagi. Plagi za injini hizi zimezama chini kwenye visima, na kila kisima kina sili yake ya duara juu pale kava inapokalia. Hiyo sili ikifa oili inajaa kisimani, huioni kwa nje hata tone. Gari inaanza kumisi, yaani silinda moja inaruka moto, hasa asubuhi, ukichomoa waya wa plagi unakuta ile raba yake ndefu imelowa. Yangu kisima cha tatu kilikuwa na oili ya kujaza kikombe cha kahawa. Kile kidogo cha wauza kahawa, sio cha chai.

Vya kuwa navyo

Gasketi nunua seti, yaani mkanda mkubwa wa kava, sili nne za visima vya plagi na zile raba za chini ya nati. Wauza spea watakuuzia mkanda peke yake kama hukusema, na ukirudi siku ya pili kutaka sili utaambiwa zimeisha. Nenda na namba ya injini au bora zaidi nenda na picha kwenye simu, maana 5A za miaka tofauti kava hazifanani, nyingine zina nati tatu nyingine nne. Kuhusu orijino na ya Mchina: mi nilichukua ya Taiwan na imekaa vizuri, cha kuangalia ni raba yenyewe, ikunje ukiwa pale pale dukani, isiwe na mpasuko wala isinuke kama tairi ya kuchoma, na isiwe imekunjwakunjwa kwenye pakiti mpaka imeshika umbo baya.

Halafu: soketi au spana ya boksi namba 10, soketi ya plagi ya 16 na ekstensheni ndefu, bisibisi, plaizi ya kubania klipu za hozi, tyubu ndogo ya silikoni ya injini inayohimili oili, dawa ya kusafishia breki au thina, matambaa safi yasiyotoa nyuzi (fulana kuukuu ya pamba ni nzuri, taulo hapana), bomba la sindano kubwa la duka la dawa pamoja na kamrija, utepe wa karatasi na kalamu. Na mwiko wa zamani wa kusongea ugali ambao mwenye jiko karuhusu. Utaona wa nini.

Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, ukipata ya kuazima azima, iwe ile ndogo. Ile kubwa ya matairi haisomi chini huko.

Kufungua

Anza asubuhi. Huku Tanga upepo wa baharini ukishaamka mchana unaleta mchanga, na injini ikiwa wazi hutaki hata chembe. Kama unakaa karibu na ufuo kama mimi au karibu na barabara ya vumbi, tafuta ukuta wa kujikinga. Gari iwe imelala usiku mzima, injini ya baridi kabisa, kava ya moto inajipinda ukiifungua na petroli au thina juu ya ekzosi ya moto ni balaa lingine. Toa waya wa betri wa hasi.

Kabla hujagusa kitu piga picha tatu nne. Juu, kulia, kushoto. Utacheka sasa hivi, utanishukuru saa sita mchana umeshika hozi mkononi hujui inakwenda wapi.

Waya za plagi zina mpangilio wake. Silinda ya kwanza ni ile ya upande wa taimingi belti, mkanda unaozungusha kamshafti, unahesabu kuelekea giaboksi, na injini hizi zinachoma kwa mfuatano wa 1-3-4-2, kwa hiyo ukichanganya waya kwenye distributa gari haiwaki au inawaka inakohoa. Bandika utepe kila waya, andika 1, 2, 3, 4. Chomoa kwa kushika kile kichwa cha raba na kuzungusha kidogo, usivute waya wenyewe, wa zamani unakatikia ndani huoni.

Kama visimani kuna oili usifungue plagi! Plagi ikilegea oili yote inaingia kwenye silinda. Kwanza ingiza kamrija kwenye bomba la sindano unyonye mpaka liishe, halafu funga kitambaa kwenye bisibisi ufute kuta za kisima. Hapo ndo unaweza kutoa plagi uzikague, na ukishatoa ziba tundu kwa kitambaa. Kama visima vikavu plagi ziache zilipo.

Chomoa hozi ya PCV na ile nyingine ya kupumulia inayokwenda kwenye bomba la hewa. Hozi za miaka yote hii zimekuwa ngumu, ukizivuta kwa hasira zinapasuka, zizungushe kwanza zikubali. Ikipasuka nunua nyingine, usifunge na mpira wa ndani ya tairi, itavuta hewa ya wizi na sailensa, mwunguruko wa injini gari ikiwa imesimama, itapandapanda. Fungua vishikio vya waya vilivyofungwa kwenye kava, sogeza pembeni.

Sasa nati. Kabla hujazifungua puliza au piga brashi kuzunguka kava yote, uchafu uliokaa ukingoni ndo wa kwanza kudumbukia ndani. Legeza kila nati nusu mzunguko kwa zamu, usitoe moja yote halafu ya pili. Toa na raba zake, ziweke kwenye kisahani, maana nati ikianguka kwenye uvungu wa injini utaitafuta mpaka magharibi.

Kava itagoma kutoka. Imegandana. Hapa ndo watu wanaingiza bisibisi wanakongoa, na kila mkwaruzo unaouacha kwenye aluminiamu ya hedi ni mfereji wa oili wa maisha. Chukua kipande cha mti, ukiegemeze ubavuni mwa kava, kigonge kwa nyundo taratibu, huku na kule, kona kwa kona. Itaachia. Inyanyue moja kwa moja juu, uvungu wake una oili kwa hiyo kuwa na beseni karibu.

Ukishaifungua utaona kamshafti mbili zimelala pale zinang'aa. Kama zina rangi ya asali oili yako unaibadili kwa wakati. Kama kuna tope jeusi la kukwangua, tatizo lako sio gasketi peke yake.

Kusafisha, na hapa usikimbie

Ukinipa saa tatu za kazi hii mi nitatumia saa moja na nusu hapa. Weka matambaa juu ya kamshafti na kwenye matundu ya kurudishia oili, na yahesabu. Yangu yalikuwa manne, nikaandika 4 kwenye mkono kwa kalamu. Kitambaa kikisahaulika humo kinaweza kuziba njia ya oili, na utaua injini nzima ukifikiri umeponya kava.

Gasketi ya zamani itoe kwenye mfereji wake ndani ya kava. Yangu ile kuukuu, mara ile ya tatu, ilitoka vipande vipande, na juu yake silikoni ya yule fundi wa pili, minyororo mirefu kama tambi. Hiyo tambi upande wa nje inaudhi macho tu, lakini iliyobinywa upande wa ndani inakatika, inashuka na oili mpaka kwenye chujio la pampu kule kwenye sampu na kulifunika. Nilikuta vipande viwili vimekaa mdomoni mwa tundu la kurudishia, vinasubiri gari iwake. Nilivitoa kwa kibano cha nyusi cha dada yangu na bado ananidai.

Kukwangua sehemu ya hedi ndo kazi ya mwiko. Uchonge uwe bapa kama patasi, mti unatoa mabaki lakini haukwaruzi aluminiamu. Bisibisi, kisu, msasa, vyote hapana. Unga wa msasa ukiingia kwenye kamshafti unasaga. Palipogoma weka thina kwenye kitambaa, laza dakika tano, rudi na mwiko. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye dawa ya breki mpaka kitambaa kitoke cheupe, ukipitisha ukucha usikwame popote. Uso huo uwe mkavu, hata filamu ya oili isiwepo, maana raba inateleza juu ya oili.

Kava yenyewe iko mkononi, ioshe kwa petroli au mafuta ya taa mbali na moto, mferejini pitisha kijiti na kitambaa, ikaushe. Ilaze kwenye kioo au meza iliyonyooka uone kama imejipinda. Kava iliyokazwa ovyo miaka mingi inapinda kwenye mashimo ya nati, hiyo hakuna gasketi itakayoisaidia, tafuta kava ya mtumba.

Toa sili za visima za zamani. Angalia zilivyokaa, upande gani umeangalia juu, kabla ya kuzing'oa. Mpya ziingize kwa kidole ukizungusha mpaka zikae sawa, paka kidogo oili safi kwenye mdomo wa ndani ili zisijikunje zikivaa lile bomba la plagi.

Silikoni ni dawa, sio mboga

Gasketi ya raba huwa haipakwi silikoni mzunguko mzima. Inakaa kavu. Silikoni inakwenda sehemu chache tu, pale ambapo vyuma viwili vinakutana na kuacha kona: kile kifuniko cha kwanza cha kamshafti upande wa taimingi kinapoungana na hedi, kona zote mbili, na kama injini yako ina kile kipande cha nusu mwezi mwishoni mwa hedi basi na kingo zake. Tone la ukubwa wa punje ya mchele. Ukibinya tyubu na likatoka kama dawa ya mswaki, futa uanze upya.

Ingiza gasketi mpya kwenye mfereji wa kava, anza na kona zote kwanza ndo umalizie pande ndefu, ukianza upande mmoja kuzunguka utakuta mwisho imebaki ndefu na unaivuta. Ikiwa inadondoka ukigeuza kava, vitone vidogo vitatu vinne vya silikoni ndani ya mfereji viishike, subiri vigande kidogo. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye tyubu, kila kampuni na yake.

Toa matambaa. Hesabu. Manne.

Shusha kava moja kwa moja kutoka juu bila kuiburuza, sili za visima zikutane na mabomba yake sawasawa, halafu pitisha kidole kuzunguka ukingo wote. Nyuma huko karibu na ukuta wa kebini huoni, lakini kidole kinaona. Gasketi ikichungulia popote nyanyua uanze tena, usijidanganye kwamba ukikaza itaingia.

Kukaza

Hapa ndo nilipoharibu mara ya tatu. Nilikuwa na hasira na kuvuja, nikachukua spana ndefu, nikakaza nati mpaka mkono ukauma, nikasema sasa toka nikuone. Ikatoka. Raba ikibanwa kupita kiasi inatafuta pa kukimbilia, inajifinyanga nje ya mfereji, karibu na nati imebanwa mno na katikati ya nati na nati kava imenyanyuka. Oili inapita hapo katikati kwa raha zake.

Kuna mzee pale Ngamiani, fundi wa mabasi miaka hiyo, sasa anakaa barazani tu. Nilikwenda kumlilia. Nikasema shikamoo ami, nimekaza kweli kweli na bado inavuja. Akaitikia marahaba, akauliza umekaza kwa spana gani, nikamwonyesha. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, hiyo si nati ya tairi. Huo ni mfuniko wa sufuria, unafunika mvuke tu."

Kwa hesabu: nati za tapeti kava kwenye jamii ya 5A na 4A zinakazwa kama Nm 6 hivi, Nm ndo kipimo cha nguvu ya kukaza. Nati ya tairi ya Corolla hiyo hiyo ni Nm 103. Yaani unakaza robo ya robo, na bado chini ya hapo. Ukikosa torki renchi, shika spana fupi ya 10 karibu na kichwa chake, kwa vidole viwili na gumba, kiwiko kisitembee, nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono tu. Ukisikia imesimama, umefika.

Zikaze kwa zamu. Mzunguko wa kwanza kwa vidole vitupu zote zikae. Wa pili zishike kidogo, anzia nati za katikati uende za pembeni. Wa tatu ndo malizia. Raba mpya za chini ya nati usizisahau, oili inapanda pia kwenye shina la nati na utalaumu gasketi isiyo na kosa.

Kurudisha na kuwasha

Plagi kama ulizitoa zirudishe kwa mkono kwanza, nyuzi zishike bila kulazimisha, ndo ukaze. Waya kwa namba zake, kila kichwa kisikike kimebana. Waya uliokaa kwenye oili raba yake inavimba na kulainika, ukiona hivyo badilisha, utaendelea kumisi hata kisima kikiwa kikavu. Hozi mbili na klipu zake. Betri. Linganisha na picha za simu.

Usiwashe hapo hapo. Zile kona za silikoni zinataka kukauka, mi niliiacha ikalala mpaka asubuhi. Pima oili kwenye stiki, ongeza iliyopungua. Washa, iache sailensa dakika kumi, tochi kuzunguka, hasa nyuma na hasa kona za taimingi, maana oili ikishuka kule inalowesha taimingi belti na belti haipendi oili kabisa. Halafu zunguka mjini, rudi, angalia tena. Ukiona unyevu usikimbilie kukaza, acha ipoe, fungua, tafuta iliyojikunja.

Kwa wenye injini nyingine: 1NZ na 2NZ za kwenye IST na Vitz kazi ni ile ile, ila badala ya waya una koili nne zenye bolti na soketi zake za plastiki, zinavunjika klipu ukiwa na pupa, na silikoni inakwenda pale kava ya cheni inapoungana na hedi. V6 ina kava mbili na ya nyuma imefunikwa na intek manifodi, hiyo mi nisingeianza asubuhi moja nikiwa na safari mchana.

Matambaa yaliyolowa usiyarundike stoo karibu na jiko na usiyatupe mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini, na samaki wa soko la Deep Sea ndo tunanunua wenyewe jioni.

Harufu itabaki siku mbili tatu, usishtuke. Ni oili ya zamani iliyolowa kwenye lile bati la juu ya ekzosi inajimalizia kuungua. Lipe bati hilo safari moja ya Segera na kurudi. Ukifika nyumbani bado linatoa moshi, rudi na poda yako ya mtoto na uanze na distributa.